Nani Alikatwa Kichwa Katika Picha ya Nyanya?

SANDUKU LA PICHA: Mama Studio anajibu wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Siaya, Nakuru, Ahero na Kakamega. Nimezifupisha, lakini maneno ni ya wenyewe.

*Mama Studio, shikamoo. Nyanya yangu mzaa baba aliaga mwaka jana, tukamzika nyumbani Seme. Matanga yalipoisha, shangazi alinikabidhi sanduku lake la bati kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye likizo. Ndani mna picha kama arobaini hivi, na wengi waliomo siwajui. Moja imeninyima usingizi. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha studio, amempakata mtoto, nyuma yao kuna pazia lililochorwa ziwa na minazi. Kichwa cha huyo mwanamke kimekatwa, limebaki tundu. Binamu zangu wanasema ni mke wa kwanza wa babu na kwamba nyanya alimkata kwa wivu. Shangazi anasema niachane na mambo hayo. Mama yangu ni Mmaragoli, nimelelewa Nakuru, na Kijaluo changu ni cha kuombea maji. Nikiwa Kisumu naitwa mtu wa Nakuru, nikiwa Nakuru naitwa Mjaluo. Nilitarajia sanduku hili liniambie mimi ni nani, nalo limeniongezea maswali. Nianzie wapi?*
Mjukuu, Kondele

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza nyanya. Tuanze na lile tundu, kwa kuwa ndilo linalokukosesha usingizi.

Itoe picha uipeleke penye mwanga, kisha uniambie tundu lina umbo gani. Mtu mwenye hasira hafanyi kazi safi. Hukwaruza uso kwa sindano, huchana, huchoma kwa sigara, au humkata mtu mzima mzima hadi miguu. Nimeletewa picha za namna hiyo nizirekebishe, na mkono wa hasira naujua. Lakini tundu likiwa na pembe nne zilizonyooka, likiwa limeanzia juu kidogo ya nywele na kuishia mabegani, basi hapo ulipita wembe na rula ya mpiga picha. Huyo mama hakufutwa na mtu. Alikuwa anahitaji picha ndogo ya kubandika mahali.

Mimi niliingia kazi ya studio hapa Nakuru nikiwa msichana, nikaanzia chumba cha giza kuosha picha za wengine kabla sijaruhusiwa kugusa kamera. Picha za pasipoti zilitoka nne kwa mpigo na mteja alizilipia zote. Aliyetaka uso mmoja tu, na ambaye mfuko wake haukuruhusu zaidi, alipigwa picha moja ya kawaida, tukamkatia uso, mwili akarudi nao nyumbani. Halikuwa jambo la kwetu peke yetu. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, mabaki ya picha kama hizo kutoka studio moja yalikusanywa na kuonyeshwa hadi ng'ambo: watu wamevaa vizuri, mikono magotini, na mahali pa uso pana uwazi wa pembe nne.

Sasa weka na jambo hili kando yake. Kwa miaka mingi karatasi za kujitambulisha katika nchi hii zilikuwa za wanaume. Mkoloni alimvisha mwanamume Mwafrika kipande chenye alama za vidole, akitembea nacho shingoni ndani ya kikopo cha chuma, hadi mfumo huo ulipoondolewa mwaka 1947. Wanawake waliingizwa katika sheria ya kusajili watu ilipobadilishwa mwaka 1978. Baada ya hapo akina mama walifurika studio. Wengi wao hawakuwa wamewahi kupigwa picha wakiwa peke yao, maana picha zao zote zilikuwa za harusi ya mtu au za kusimama nyuma ya mume. Walikuja na watoto mgongoni. Mtoto akipokewa na mtu asiyemjua alilia mpaka kazi ikasimama, basi tukawapiga mama na mtoto pamoja, tukakata uso wa mama.

Kwa hiyo ikiwa baba yako alizaliwa miaka hiyo, huenda aliyepakatwa ni yeye, na huyo mwanamke asiye na kichwa huenda ni nyanya yako mwenyewe. Nasema huenda. Ili ujue, tazama gauni. Mwanamke wa wakati ule alikuwa na gauni moja la picha, na gauni hilo utaliona tena kwenye picha nyingine za sandukuni, safari hii likiwa na uso juu yake. Tazama mikono pia: pete, kovu, kidole kilichopinda. Kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini, lakini fotokopi hazikosekani. Uliza karatasi za shamba, za chama cha akina mama, za hospitali. Ukipata fotokopi ya kitambulisho chake cha kwanza, ilinganishe na tundu.

Na tundu likiwa limekatwa ovyo? Basi binamu zako huenda hawajakosea, na hapo usimlazimishe shangazi. Ila usiitupe picha. Mke mkubwa wa babu ni mama katika boma lenu, awe alipendwa au hakupendwa, na kama aliacha watoto, hao ni baba zako na shangazi zako.

Tuje kwenye hizo nyingine. Kabla hujazipanga upya, andika zilivyokuwa zimekaa. Nyanya hakuziweka hivyo bure. Ipi ilikuwa juu? Ipi ilifungwa kwenye leso? Ipi imechakaa pembeni kwa kushikwashikwa? Hiyo iliyochakaa ndiyo aliyokuwa akiitoa usiku akiwa peke yake, na ningeanza nayo.

Kisha geuza kila picha. Mgongo wa picha una maneno mengi kuliko uso wake: muhuri wa studio wenye jina la mji na namba ya sanduku la posta, salamu za aliyeituma, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Ukiona muhuri wa studio ya Nakuru kwenye picha ya mtu wa Seme, tayari una safari ya kuulizia. Nani alikwenda Nakuru, na alifuata nini? Reli? Shamba la mzungu? Ndugu?

Picha isipokuwa na tarehe, soma vitu vilivyo nyuma ya watu. Picha zenye kingo zilizokatwa mikunjo mikunjo kama keki kwa kawaida ni za miaka ya sitini au kabla. Ya mraba ilitoka kwenye kamera ya filimu pana, au zile ndogo za plastiki zilizoingia miaka ya sitini. Ya rangi iliyogeuka nyekundu yote mara nyingi ni ya miaka ya sabini na themanini, kwa sababu rangi ya samawati katika karatasi za wakati ule ilikufa mapema hata gizani. Ukutani wamemtundika rais yupi? Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, Moi akatoka Ikulu mwishoni mwa 2002. Kuna gari? Namba inayoishia kwa herufi ni ya 1989 kuja mbele. Mtoto ameshika pakiti ya maziwa ya pembe tatu? Ni maziwa ya Nyayo ya shuleni, na hayo yalianza 1979. Na kuna kalenda, mwanangu! Nyumba gani ya kwetu haina kalenda ukutani? Chukua lenzi ya kukuzia au simu, usome mwaka. Zile tarehe za rangi ya chungwa pembeni mwa picha za miaka ya tisini usiziamini sana, betri ya kamera ikibadilishwa tarehe ilirudi mwanzo na wengi hawakuirekebisha.

Zipige zote kwa simu, mbele na nyuma, kisha utembee na nakala. Za asili zibaki nyumbani. Nenda kwa wazee, na nenda mapema. Usimwulize mzee "huyu ni nani?" kama karani wa sensa. Mpe picha mkononi, nyamaza, washa simu irekodi ukishamwomba ruhusa, kisha umwulize siku hiyo ilikuwaje. Jina litakuja lenyewe, na litakuja na ng'ombe aliyeuzwa, na mvua iliyokataa kunyesha, na nani alikuwa amekasirika akakataa kusogea karibu na wenzake. Kijaluo chako kikiishia njiani, nenda na binamu. Hao hao wanaosema habari za wivu watasikia mapya.

Kuhusu kujijua wewe ni nani, naona umeliomba sanduku moja likujibu maswali ya nyumba mbili. Hilo ni la upande wa baba. Kule Umaragoli kuna nyanya mzaa mama au mjomba mwenye picha zake kwenye bahasha ya kaki, na humo umo pia. Na sehemu yako kubwa haimo katika sanduku lolote kwa sababu hakuna aliyeipiga picha: meza ya mama yako hapa Nakuru, omena na mrenda kwenye sahani moja, na viti vya basi la Kisumu mlilopanda kila Desemba kupitia Kericho. Anza kuipiga wewe. Ukiandika nyuma "jikoni kwa mama, Nakuru", mtoto wako hatahitaji kuniandikia.

*Mama Studio, nafundisha historia shule ya upili. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona picha ya Mjaluo wa kabla ya vita vya pili vya dunia. Je, zipo?*
Mwalimu, Siaya

Zipo, Mwalimu, tena si chache. Nyingi ziko mbali. Jumba la makumbusho la Pitt Rivers kule Oxford, Uingereza, lina mkusanyiko wa picha za Wajaluo, zikiwemo alizopiga mtafiti Evans-Pritchard alipopita Nyanza mwaka 1936, na nyingine za zamani zaidi zilizotoka kwa watawala kama Hobley. Mwaka 2007 nakala za picha hizo zililetwa zikazungushwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, watu wakaziona katika maeneo yale yale zilikopigwa. Nyingi zimewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa simu au projekta ya shule.

Ombi langu ni moja. Watu wa kikoloni mara nyingi waliandika kabila, pambo la kichwani na mahali, jina la mtu wakaliacha. Usiwafundishe wanafunzi mapambo peke yake. Wape kazi ya kuzipeleka nyumbani kwa wazee wao na kuuliza kama kuna anayetambua sura, boma au kilima. Na katika somo hilo hilo kila mwanafunzi alete nakala ya picha moja ya kwao yenye majina yote nyuma. Nayo ni historia ya Siaya.

*Mama Studio, Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba yetu ilichomwa. Tulitoka na nguo za mwilini. Albamu tatu za wazazi wangu ziliteketea. Sasa nina watoto watatu na mdogo huniuliza, "Baba, ulipokuwa mdogo ulifanana na mimi?" Sina cha kumwonyesha. Mpwa wangu amenitengenezea picha kwa akili unde: ameweka sura yangu ya sasa, ikatoka ya mtoto wa miaka sita. Mke wangu ameipenda, anataka tuiweke kwenye fremu sebuleni. Mimi nikiitazama najisikia vibaya na sijui kwa nini. Ni ujinga wangu?*
Baba wa watatu, Lanet

Si ujinga, ndugu yangu. Unajisikia vibaya kwa sababu unajua huyo mtoto hakuwahi kuishi. Programu imejifunza kutoka kwa nyuso za watoto wengi wa watu wengine, ikakisia. Picha ya kweli, hata ikiwa na ukungu, hata kama kichwa kimekatwa nusu na mpiga picha, ni mwanga uliogonga uso wako siku fulani ukaingia kwenye kamera. Mpwa wako alikuwa na nia njema na usimkatishe tamaa. Lakini kwangu isitundikwe sebuleni. Ikihifadhiwa, iandikwe nyuma kwa maneno wazi kwamba imetengenezwa na kompyuta, pamoja na mwaka, na ikae bahasha yake mbali na albamu. Baada ya miaka thelathini hakuna mjukuu atakayetofautisha.

Sasa nikwambie jambo ambalo watu waliounguliwa husahau. Picha zako hazikuwa nyumbani kwenu tu. Zamani filimu moja ya picha thelathini na sita ilikaa kwenye kamera miezi mingi, na ikioshwa watu waligawana nakala. Aliyefunga harusi aliwapa wasimamizi wake. Aliyebatiza mtoto alimpa mzazi wa ubatizo. Shangazi aliyeolewa mbali alitumiwa kwa posta, na mara nyingi nyuma paliandikwa kwa mkono wa mama yako. Kwa hiyo uso wako wa miaka sita huenda uko kwenye albamu ya mtu mwingine, safu ya mbele, umeketi chini na watoto wengine, jua limekupiga machoni.

Kaa na ndugu zako mwandike orodha ya sherehe zote mnazokumbuka kabla ya 2008. Harusi za nani, mazishi ya nani, kipaimara, kumaliza shule. Kando ya kila moja andikeni ni nani alikuwa na kamera. Mtafuteni huyo kwanza, mkamwombe na negativu, kwa maana wapiga picha wengi wa mtaani walizihifadhi kwenye bahasha hata baada ya kufunga kazi. Shule ya msingi huwa na picha za madarasa ukutani mwa ofisi. Waliofanya kazi na baba yako wana picha za sherehe za kazini.

Halafu kuna jirani wa zamani. Najua ninachokuomba. Mliachana siku mbaya, na huenda hamjazungumza tangu siku hiyo. Lakini kama mliishi ua mmoja kabla ya hapo, katika albamu yake kuna Krismasi ambayo mama yako alisimama safu ya pili akiwa amembeba mtoto wao. Usiende wewe mwenyewe kwanza. Mtumie mzee wa kanisa au mtu mnayeheshimiana naye nyote, aombe nakala tu, bila kufungua maneno ya siku ile. Nimeona familia mbili hapa Nakuru zikirudishiana picha namna hiyo. Hawakupatana kwa mengine, lakini picha zilirudi.

Na zile zisizopatikana, ziandikeni. Kila ndugu aeleze picha moja anayoikumbuka: nani alikuwa kushoto, nguo gani, nani alifumba macho. Mkibishana, andikeni yote mawili. Karatasi hiyo iwekeni kwenye albamu mahali ambapo picha ingekaa. Mtoto wako mdogo akikuuliza tena, msomee hiyo.

*Mto Nyando uliingia nyumbani. Picha zimegandamana, nyingine zimeshika kwenye kioo cha fremu. Nizibandue vipi?*
Mama wawili, Ahero

Pole sana mama. Zilizo kwenye kioo usizibandue kabisa, utaacha uso wa mtu kwenye kioo. Zipige picha kwa simu kupitia kioo hicho hicho, karibu na dirisha, bila flashi, ukiinamisha fremu kidogo mpaka mng'ao uondoke.

Zilizogandamana zikiwa bado mbichi, zilaze kwenye beseni la maji safi baridi, uziachanishe polepole zenyewe kwa zenyewe, usivute. Zianike kivulini juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, kamwe si juani. Huna nafasi leo? Ziweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friza ya duka la jirani, barafu itazuia ukungu hadi upate siku. Zikiwa zimeshakauka, ipige kwanza kwa simu ile ya juu inayoonekana, ndipo ujaribu maji. Hizi ni dawa za picha zilizooshwa studio. Zilizochapishwa kwa printa ya wino usizitie maji, wino utaondoka. Na anza na zile ambazo hakuna ndugu mwingine mwenye nakala.

*Mama Studio, nina simu yenye picha zaidi ya elfu kumi. Mama yangu ana miaka 78, anaishi peke yake karibu na Ilesi. Kila nikienda nataka kumpiga picha, naye hukataa: "Ngoja nibadilishe nguo." Akishabadilisha, anasimama wima kama yuko mbele ya chifu. Nami namtaka kama alivyo, akipepeta mahindi, akiongea na kuku. Nikimpiga kwa siri anakasirika, na dada yangu aliyeko Eldoret hunilaumu kwamba nazianika mitandaoni. Nifanyeje?*
Kitinda mimba, Kakamega

Mwanangu, mwache mama abadilishe nguo. Kwa kizazi chake, kupigwa picha ni jambo la heshima. Alikuwa anatembea hadi Kakamega mjini, anapaka mafuta, analipa pesa aliyoitafuta. Kusimama wima ni yeye pia. Ndivyo anavyotaka wajukuu wamkumbuke, na ana haki hiyo. Ipige picha hiyo vizuri, mlangoni pake, ioshe kubwa, mpelekee. Ukishamletea picha aliyoitaka, atakuruhusu na zile unazozitaka wewe. Mpangilio huo haujawahi kuniangusha kwa wazee.

Ya siri acha. Mwambie, "Mama, leo niko na simu, nitakuwa napiga ukiendelea na kazi." Atajibana nusu saa ya kwanza. Mahindi yakishaanza kupepetwa atakusahau. Usimwite atazame. Usimwambie acheke.

Nitakuambia ninachokijutia kwa niaba ya wateja wangu wote: nimewapiga watu maelfu, na karibu wote niliwapiga siku ambayo haikufanana na maisha yao. Suti ya kuazima, maua ya plastiki, pazia lenye maporomoko ya maji. Watoto wao wakija leo, hawaniulizi habari za suti. Wanauliza jiko lilikuwa upande gani, kiti cha baba kilikuwa cha rangi gani, ile redio ilikaa juu ya nini. Sina jibu, maana hakuna aliyeleta jiko lake studio. Wewe unaweza kuingia jikoni. Piga mafiga na masizi ya ukuta. Piga chupa ya chai iliyopachikwa kizibo kisicho chake. Piga viatu vyake vya shamba vilivyo mlangoni, kitambaa alichokifuma juu ya kochi, njia ya kwenda kisimani alivyoikanyaga yeye, mikono yake ikichambua mboga. Piga siku ya Jumanne, siku isiyo na sherehe.

Kisha mpe simu yeye. Mfundishe mahali pa kugusa, mwombe apige anachotaka. Nina hakika kutakuwa na picha ambayo hukuitarajia, ya mti au ya kaburi la baba yako au yako wewe ukiwa umeinama unafunga kamba za viatu. Wewe ndiye unayeshika simu kila mara, kwa hiyo humo kwenye elfu kumi zako huna picha hata moja ya mama akiwa na kitinda mimba wake. Mwite mtoto wa jirani awapige wote wawili.

Dada yako ana haki. Picha ya mama akiwa na leso kifuani ni ya nyumbani. Muulize mama kila picha inayotoka nje ya familia, na kwa watoto wa ndugu zako uliza wazazi wao kwanza. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, lakini hata bila sheria, adabu ingetosha. Ukimtumia dada picha kwa WhatsApp, zitume kama hati na si kama picha, zisije zikapunguzwa ubora njiani.

Elfu kumi ni nyingi mno kwa mtu yeyote kuzitazama. Kila Desemba kaa na dada yako, hata kwa simu, mchague thelathini. Zioshwe kwenye karatasi ya picha, ukubwa wa kawaida wa kadi ya posta. Nyuma andika kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, mwezi, mwaka, na neno moja alilolisema mama siku hiyo. Usizitie laminesheni, na epuka albamu zile zenye kurasa za gundi, gundi yake hula picha. Seti moja ibaki Ilesi, moja ikae kwako, moja iende Eldoret.